Mashine Haina Umbea: Hotuba Kuhusu Kupima Dawa za Meno

Hotuba hii niliitoa mbele ya madaktari wa meno, wafamasia, mafundi wa maabara na wanafunzi. Waliokosa kufika wameiomba, basi hii hapa nzima. Picha za ukutani nimeziacha, nyingi zilikuwa grafu tu.

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu, madaktari, wafamasia, mafundi wenzangu wa maabara, na ninyi wanafunzi mliojazana kule nyuma, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie upimaji wa dawa za meno, maji ya kusukutua, unga wa meno na dawa za watoto wanaoota meno. Hasa, nimeombwa niseme tunavyoweza kugundua vitu vyenye sumu au vyenye uraibu ambavyo mnunuzi hakuambiwa kwamba vimo. Kemia itakuja, msiwe na haraka. Naanza na cheti.

Mtu anakuletea tyubu ya dawa ya meno pamoja na karatasi yenye muhuri: imepimwa, imefaulu. Imepimwa nini? Imefaulu katika lipi? Ukiifuatilia karatasi ile hadi chini utakuta walipima kiwango cha asidi, wakapima floraidi, wakatafuta bakteria, wakapima metali nzito, wakaangalia kama inakwangua jino kupita kiasi. Vipimo hivyo vyote ni vya haki, na vimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 11609 kinachohusu dawa za meno. Lakini kuna aliyeuliza kama ina nikotini? Kuna aliyeuliza kama gliserini iliyomo ni gliserini kweli? Hakuna. Na mashine, ndugu zangu, haina umbea. Usichoiuliza haikwambii.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine yote ni ushahidi.

Twende Panama. Mwaka 2006 watu walianza kufika hospitalini wakiwa hawapati mkojo, figo zimegoma, wengine uso na miguu vimekufa ganzi. Waliokufa walipita 100. Kilichowaua kilikuwa dawa ya kikohozi, na ndani ya dawa ile kimiminika kilichoandikwa gliserini kilikuwa daiethilini glaikoli, kemikali inayotumika viwandani kama kiyeyushio na katika maji ya rejeta. Ni tamu, ni nzito, haina rangi. Ukiimimina mbele ya mtu anayeijua gliserini, hatashtuka. Tofauti anayoiona mfanyabiashara ni bei.

Mapipa yale yalitoka China, yakapita kwa dalali Hispania, yakaingia Panama. Kila aliyeyapokea alipokea na cheti, na kila aliyeyapitisha alinakili cheti. Nani aliuliza? Karatasi ilithibitisha karatasi, na pipa halikufunguliwa na mtu mwenye kipimo mkononi.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka uliofuata. Mei 2007, nchini humohumo Panama, mtumishi mmoja wa serikali aliingia katika duka la vitu vya bei nafuu, akashika tyubu ya dawa ya meno, akaisoma. Jina lile lilikuwa limeandikwa palepale ubavuni, herufi kwa herufi: daiethilini glaikoli. Wala halikufichwa! Watu wangapi walikuwa wameipita tyubu ile? Waliiingiza bandarini, wakailipia ushuru, wakaipanga rafuni, wakainunua, wakapigia mswaki. Yeye alilitambua jina kwa sababu lilikuwa limewazika watu wa nchi yake miezi michache tu nyuma. Akaipeleka kwa maafisa wa afya.

Baada ya hapo ndipo kila mtu akaanza kuuliza. Tarehe 1 Juni 2007, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watu wake. Tyubu walizozipima zilikuwa na asilimia 3 hadi 4 za kemikali ile. Zikakamatwa na tyubu za bandia zilizobeba jina la kampuni kubwa, zikidai zimetoka Afrika Kusini, na jina la nchi yenyewe limekosewa herufi kwenye boksi. (Mghushi amenunua mashine ya kuchapa boksi, amenunua gundi, amenunua mnanaa, akashindwa kumlipa mtu wa kusahihisha maandishi.) Mamlaka za China kwanza zilitetea kwamba kiasi kile hakina neno. Ilipofika Julai zikaipiga marufuku katika dawa za meno.

Nisiwatie hofu isiyo na sababu. FDA yenyewe ilisema wakati ule kwamba haikuwa na taarifa ya mtu yeyote Marekani aliyedhurika kwa dawa ya meno yenye kemikali hiyo. Mtu mzima hutema. Lakini mtoto wa miaka miwili hatemi, humeza, na dawa ikiwa na ladha ya matunda humeza kwa furaha. Na mgonjwa wa figo je? Na kwa sababu ya misiba kama ule wa dawa ya kikohozi, mwaka huohuo wa 2007 FDA iliwashauri watengenezaji wa dawa waipime kila shehena ya gliserini wanayoipokea kabla haijaingia kwenye mtungi wa kuchanganyia. Shehena, siyo cheti. Je, somo liliingia duniani? Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo baada ya kunywa dawa za maji zilizokuwa na kemikali za jamii hiyohiyo.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, na mimi ndio ninaoupenda kuufundisha, kwa sababu safari hii maabara ndiyo iliyoshinda.

Nusu ya kwanza ya karne ya 20, watoto wachanga wa Uingereza, Marekani na Australia walipatwa na ugonjwa wa ajabu. Viganja na nyayo vilikuwa vyekundu, ngozi ikabanduka, wakalia usiku kucha, mwanga ukawaumiza macho, wakatoka jasho shuka zikalowa, na meno machanga yakalegea kwenye fizi yakadondoka. Uingereza na Wales peke yake, kati ya 1939 na 1948, watoto zaidi ya 500 walikufa kwa ugonjwa huo. Wako waliosema ni upungufu wa vitamini. Wako waliosema ni virusi. Kila mmoja alipima alichokiamini, na majibu yalirudi safi.

Mwaka 1945 huko Cincinnati, daktari wa watoto Josef Warkany na mwenzake Donald Hubbard walichukua mkojo wa mtoto mgonjwa wakaupeleka ukapimwe metali mbalimbali. Wakakuta zebaki, tena nyingi. Zebaki ya nini katika mwili wa mtoto anayenyonya? Wakarudi kwa wazazi kuuliza mtoto amepewa nini. Amepewa unga wa kuota meno. Na ule unga ulikuwa na kalomeli, chumvi ya zebaki, iliyowekwa humo ili kulainisha choo cha mtoto, kwa imani kwamba mtoto anayeota meno anahitaji kusafishwa tumbo. Mwaka 1954 watengenezaji wa Uingereza waliiondoa kalomeli, na ugonjwa ule ukatoweka wodini. Leo daktari kijana hajawahi kuuona.

Mbona ilichukua miaka mingi hivyo? Kwa sababu watoto walio wengi waliolambishwa unga ule hawakuugua. Kila nyanya aliweza kusema, wajukuu zangu wote nimewapa, na wote wazima. Alikuwa anasema kweli! Kitu kikiumiza wachache kati ya wengi, ushuhuda wa nyumbani hautakionyesha kamwe. Na kingine: unga wenyewe haukuwa siri. Siri ilikuwa ni uhusiano kati ya kopo la unga na kitanda cha hospitali, kwa kuwa waliokuwa na kopo na waliokuwa na kitanda hawakukaa meza moja.

Wanafunzi, andikeni hapa. Kuna maswali ya aina mbili katika maabara yetu. Kuna swali la kufunga: je, kitu fulani kimo, na ni kiasi gani? Hili ni swali la bei ndogo na jibu lake ni imara. Na kuna swali la wazi: humu mna nini? Hili ni ghali. Kwa metali, mashine ya plazima, inayoichoma sampuli kwa joto kali mno, inaweza kukusomea elementi nyingi kwa sampuli moja. Kwa kemikali za kikaboni, unapitisha sampuli kwenye kromatografia ya gesi, yaani mashine inayozitenganisha kemikali moja moja, iliyounganishwa na kipima uzito wa molekuli, na kila kinachotoka unakilinganisha na maktaba ya alama za kemikali maelfu kwa maelfu. Ushauri wangu ni huu: bidhaa mpya sokoni, bidhaa ya mitishamba isiyotaja mitishamba yake, bidhaa ambayo wagonjwa wanaisifu kupita kiasi, iulizwe swali la wazi kwanza. Hata mara moja tu. Kisha ndipo mje kwenye swali la kufunga.

Nimesema wagonjwa wanaisifu kupita kiasi. Hapo tumefika kwenye uraibu.

Zamani hawakuficha. Mwaka 1885 kampuni moja ya Albany, New York, ilitangaza matone ya maumivu ya jino yaliyotengenezwa kwa kokeini, na tangazo lake lina picha ya watoto wakicheza. Kabla ya hapo, tangu 1849, kulikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya kumtuliza mtoto anayeota meno, na kilichomtuliza kilikuwa mofini. Wengine hawakuamka. Sheria ya Marekani ya 1906 haikuipiga marufuku mofini. Ilitaka iandikwe kwenye lebo tu. Fikirieni hilo. Hatua ya kwanza ya ulinzi haikuwa kukataza, ilikuwa kumlazimisha muuzaji aseme.

Siku hizi mofini kwenye dawa ya meno si rahisi. Nikotini, je?

India inatufundisha mengi hapa. Kule kuna desturi ya miaka mingi ya kusugua meno kwa tumbaku. Maharashtra wanaiita mishri: tumbaku inakaangwa mpaka iwe nyeusi, inasagwa, inapakwa kwenye meno na fizi kwa kidole. Anaanza mwanamke asubuhi kusafisha kinywa. Baada ya muda anapaka na mchana. Kisha jioni. Kinywa hakijachafuka mara tatu. Ni ubongo unaodai. Viwanda vikaingiza tumbaku hiyo kwenye unga wa meno wa makopo na kwenye dawa ya tyubu, na mwaka 1992 serikali ya India ikakataza tumbaku katika dawa zote za meno. Watengenezaji wakaenda mahakamani. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile ikaliacha katazo lisimame.

Kesi imekwisha? Mwaka 2011 watafiti wa Delhi walinunua dawa na unga wa meno madukani, wakapima, wakasema wamekuta nikotini katika baadhi yake, nyingine za majina makubwa. Kampuni zikakanusha. Miaka 19 baada ya katazo! Simhukumu mtu hapa, maana kutangaza nikotini na kuithibitisha ni mambo mawili, na nitawaonyesha ugumu wake. Ila swali langu la siku zote linabaki: katika miaka hiyo 19, nani alikuwa anauliza?

Kwanza muelewe kwa nini nikotini inapenda kinywa. Nikotini ikiwa kwenye majimaji yenye asidi hubeba chaji na haipiti vizuri kwenye utando wa kinywa. Ukiipeleka upande wa alkali, chaji inaondoka, inapenya. Watengenezaji wa chingamu za kuachia sigara wanalijua hili, ndiyo maana huongeza kemikali ya kupandisha alkali. Sasa niambieni, chaki iliyo kwenye dawa nyingi za meno inafanya nini? Inapandisha alkali. Kwa hiyo dawa ya meno yenye chaki ni gari zuri la nikotini hata kama aliyeitengeneza hakulijua hilo. Na mtumiaji hatasema nina uraibu. Atasema, dawa hii ndiyo inayonifaa, nikibadilisha kichwa kinaniuma na sina raha. Daktari wa meno, ukiyasikia maneno hayo usicheke. Andika jina la dawa.

Tuje mezani sasa. Umepima gramu moja ya dawa kwenye kichupa. Umeongeza maji, umetikisa, na povu limepanda mpaka kwenye kizibo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana dawa ya meno ni sampuli korofi: ina sabuni inayofanya povu, chaki au silika inayotua chini kama tope, gundi inayoshika kila kitu, mafuta ya mnanaa yanayopiga kelele kwenye grafu. Unaongeza alkali ili nikotini iachane na maji, unaweka kiyeyushio kinachoelea, unaizungusha kwa kasi kwenye mashine mpaka matabaka yajitenge. Tope chini, maji mawingu katikati, na juu kabisa tabaka jembamba angavu. Hilo la juu ndilo unalolifyonza, taratibu, bila kugusa la katikati. Ukiligusa, rudia.

Kabla hujaamini namba yoyote, chukua dawa unayojua haina nikotini, itie nikotini ya kiasi unachokijua, uipitishe njia ileile. Umetia 10 ukapata 4? Basi dawa imekumezea 6, na sampuli zako zote ulizosema ni safi huenda si safi. Hili halifanyiki vya kutosha, nasema wazi, na ndilo linalozalisha vyeti vingi vya kufaulu.

Upande wa pili, pitisha kichupa kisicho na dawa kabisa. Maji matupu na viyeyushio vyako. Kijana mmoja alinijia amefurahi, dawa zote alizopima zina nikotini, zote, za kampuni zote. Nikamwomba grafu ya kichupa kitupu. Akaileta kesho yake, na kilele cha nikotini kilikuwa kimesimama palepale, kidogo lakini kipo. Mwenzake aliyeandaa viyeyushio alikuwa mvutaji. Nikotini ilitoka vidoleni. Wangetangaza majibu yale siku ile wangeharibu jina la watu wasio na kosa, na siku watakapomkamata mwenye kosa nani angewasikiliza?

Kisha swali la kiasi. Mvuta sigara huingiza mwilini miligramu 1 hadi 2 za nikotini kwa sigara moja. Chingamu ya kuachia sigara huwa na miligramu 2 au 4, na hutafunwa nusu saa. Dawa yako ikiwa na miligramu 10 kwa gramu, hilo ni jambo la kupiga simu leo. Ikiwa na sehemu ya milioni moja ya gramu, kumbuka hata nyanya na bilinganya zina chembe za nikotini. Gazeti litaandika "nikotini yapatikana" katika hali zote mbili. Wewe usiandike hivyo. Andika kiasi, andika mtu hutumia gramu ngapi, andika mtoto humeza ngapi.

Nipite haraka kwenye mengine, muda naona umekimbia. Risasi: chaki na udongo vinatoka ardhini, na ardhini mna risasi, msitafute sifuri, tafuteni kiasi, na anzeni na dawa za watoto na zile zilizojaa udongo. Kilevi: maji ya kusukutua mengine yana kilevi kupita robo ya chupa, na tangu 1995 Marekani inataka chupa yenye gramu 3 au zaidi iwe na kizibo cha kumshinda mtoto. Anayejitahidi kuacha pombe ana haki ya kujua hilo. Na ukipima kilevi, soma na methanoli, kilevi chenye sumu, hapohapo, ni mashine ileile. Dawa za watoto wanaoota meno: Januari 2017 FDA ilitangaza kwamba katika baadhi ya vidonge vya kuota meno ilikuta beladona, mmea wenye sumu, kwa viwango visivyolingana, vingine vikizidi mbali kilichoandikwa. Maana yake kidonge kimoja safi hakikuambii chochote kuhusu chupa. Msinipimie tyubu moja mkaniandikia kampuni nzima.

Na kabla sijasahau: asitoke mtu hapa akaenda kutupa mswaki wake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Waliokuja na tyubu zao, meza iko mlangoni. Leteni tyubu na boksi lake, nataka namba ya toleo na tarehe. Msihamishie dawa kwenye chupa nyingine, hata kama ni chupa safi. Iliyokwisha kufunguliwa tutaipokea, lakini mkiweza leteni na nyingine ya toleo hilohilo ambayo haijafunguliwa. Na kwenye fomu kuna sehemu imeandikwa "kwa nini una wasiwasi". Wengi huiacha wazi. Ijazeni: mtoto ametapika, fizi zinakufa ganzi, baba hawezi kuamka bila kuisugua. Fundi ataanzia hapo kuamua aiulize mashine nini.

Maswali sasa. Tuanze na wale wa nyuma, wamesimama muda mrefu.